Chungu Kisichojua Karanga

Binti yangu alikuwa na miaka saba, na karanga chache tu zingeweza kumuua. Nililijua hilo tulipohamia Kyela, siku mganga wa zahanati alipomdunga sindano, midomo imevimba na pumzi inakwama. "Ni mzio," akasema. "Asionje tena."

Kusema ni rahisi. Mimi ni mtu wa Tanga, muuza vitenge miaka ile biashara ilipofunguliwa na mali ya Malawi ikawa inavuka mto Songwe mchana kweupe. Nilikuwa sijajua kwamba huku mtoto hula popote njaa inapomkuta, na mama anayemkataza kula kwa jirani ni kama amemwita jirani mchawi. Nikapita nyumba kwa nyumba nikikataza. Haikupita wiki, salamu zikapungua. Sikujali. Afadhali kununiwa kuliko kuzika.

Aliyeumia zaidi ni jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, mpishi wa uji wa shuleni. Siku moja akaamua kunionyesha kwamba yeye si mtu mbaya. Akampikia binti yangu majani ya maboga peke yake, bila karanga hata punje. Muda si muda nikawa nakimbilia zahanati, mtoto mgongoni.

Alipona. Mtaa ukanong'ona kwamba kumbe mgeni hakukosea, na jirani akajifungia ndani. Mimi nami, siwezi kuficha, niliamini amefanya makusudi. Siku ya tatu nilimwendea nimejaa matusi. Nikamkuta jikoni analia, chungu chake cha udongo mbele yake.

"Nilipika humu," akasema. "Nilikiosha mara mbili."

Nikakiinamia, nikanusa. Kilikuwa kitupu na safi, na bado kilinukia karanga. Udongo ulikuwa umekunywa mafuta yake miaka na miaka. Matusi yote yakaniishia mdomoni, nikaona aibu.

Wiki ile nikapanda mtumbwi hadi Ikombe kwa wafinyanzi, mimi niogopaye maji, nikanunua vyungu viwili vipya. Kimoja nikampa yeye. Cha pili nikakipeleka shuleni, ambako uji wote ulitiwa karanga. Mwalimu mkuu akasema shule haiwezi kuwa na chungu cha mtoto mmoja. Nikamwambia basi nitapika mwenyewe. Nikapika majuma matatu, duka limefungwa hadi saa tano, na sikuondoka kwenye ule moshi mpaka binti yangu amalize kikombe.

Jumatatu ya juma la nne, jirani akaninyang'anya mwiko.

"Nenda dukani, mama. Chungu hiki sasa nakijua."

Akachota uji, akaonja kwanza yeye huku akinitazama, kama mtu anayemhakikishia mgeni kuwa chakula hakina kitu. Kisha akammiminia binti yangu.

Miguu yangu ilitaka kubaki. Nikasema, "Ndaga," asante ya kwao, nikageuka kabla mtoto hajaanza kunywa, nikaenda kufungua duka.