Dirisha la Bi Mvuke

Wauguzi walimwita Bi Mvuke, naye hakuchukia, maana jina lilimkaa. Kazi yake ilikuwa kwenye chumba kidogo nyuma ya chumba cha upasuaji, ambako mikasi, koleo na visu vya madaktari huoshwa, huhesabiwa, hupangwa kwenye trei na kufungwa kwa kitambaa, kisha huingizwa kwenye mashine ya mvuke mkali unaoua vijidudu. Kila trei hubandikwa utepe. Ikiingia mashinini, utepe ni mweupe. Ikitoka, una mistari myeusi.

Zamani walikuwa watatu. Mmoja akaenda likizo ya uzazi asirudi, wa pili akahamishiwa mapokezi "kwa muda", na muda huo ukatimiza miezi mitano. Operesheni nazo zikapanda kutoka sita hadi kumi na moja kwa siku. Bi Mvuke akabaki peke yake na dirisha la kutolea vifaa, nalo liligongwa kutwa nzima.

"Bi Mvuke, koleo ndogo!"

"Bi Mvuke, trei ya mifupa iko wapi?"

"Bi Mvuke, umelala?"

"Nitalala wapi, na vitanda vyote mmewapa wagonjwa?" Hivyo ndivyo alivyokuwa akijibu zamani, wakacheka wote. Siku hizi hakujibu. Alikuwa akifika kwenye mkasi wa kumi na saba, dirisha linagongwa, na akirudi hajui kama ni wa kumi na saba au wa kumi na nane.

Mlio wa chuma ukaanza kumfuata hadi nyumbani. Kijiko kikigusa bakuli, mabega yanamruka. Hakumwambia mtu, lakini mumewe, seremala asiye na maneno mengi, aliona. Jioni moja Bi Mvuke alimkuta mumewe anaosha vyombo, ametandika taulo ndani ya beseni, anaweka kijiko kimoja kimoja kama anayelaza mtoto mchanga.

"Baba watoto, huo ni uoshaji gani?"

"Wa kimyakimya," akasema. "Wewe kaa."

Akakaa. Machozi yakamtoka, hakujua hata yameanzia wapi.

Jumanne moja asubuhi, trei mbili zilikuwa mezani: moja imetoka mashinini, ya pili inangoja kuingia. Dirisha likagongwa mara tatu mfululizo. Akageuka, akajibu, akageuka tena, akazipandisha trei zote mbili kwenye rafu ya vifaa safi. Mkono ulikuwa unaijua njia. Macho yalikuwa yameacha kuangalia.

Haikupita nusu saa, dirisha likagongwa polepole. Alikuwa muuguzi wa upasuaji, mwanamama mnene anayejulikana hospitali nzima kwa utani. Safari hii hakutania.

"Dada, hebu tazama utepe."

Ulikuwa mweupe pe.

"Mgonjwa je?"

"Hajaguswa. Nimeuona kabla sijafungua kitambaa." Kisha akapitisha mkono dirishani, akamshika kiganja. "Sijaja kukusema. Nimekuja wewe ujue wa kwanza."

Alipoondoka, Bi Mvuke alifungua daftari la kazi, akaandika kosa lake kwa mwandiko wake, saa na namba ya trei, akalibeba hadi ofisini kwa matroni.

"Sifai tena, Matroni. Niondoe kabla sijaua mtu."

Matroni alisoma ule mstari, akausoma tena.

"Kazi hii umeichoka?"

"Naipenda. Ndiyo maana inaniuma."

"Basi hujaharibika. Umeachiwa kazi ya watu watatu." Matroni akavua miwani. "Nami niliona, nikanyamaza kwa kuwa ulikuwa hulalamiki. Hilo ni kosa langu." Akachukua kalamu, akaliandika chini ya lile la kwanza, akatia sahihi. "Sasa niambie, nianze na nini?"

"Dirisha lifungwe ninapohesabu."

"Hilo tu?"

"Na yule wa mapokezi arudi. Lakini dirisha kwanza."

Alipewa siku tatu za kupumzika, na siku hizo matroni mwenyewe alivaa glovu akakaa kwenye kile chumba. Bi Mvuke aliporudi, alimkuta mwenzake wa mapokezi amesharudishwa, na mlangoni pamebandikwa saa za kufunguliwa dirisha. Hakupona kwa siku moja. Asubuhi nyingine mabega yalimruka bado. Lakini kila jioni alimsimulia mumewe jambo moja la kazini, na mara nyingi lilikuwa la kumshukuru mtu: muuguzi aliyeusoma utepe, matroni aliyeandika kosa lake mwenyewe daftarini. Mumewe alisikiliza huku akiosha vijiko.

Wiki ya pili, wakiwa katikati ya kuhesabu, dirisha lililofungwa likagongwa kwa kishindo. Alikuwa daktari mkubwa wa upasuaji. Bi Mvuke akasimama, mkasi mkononi. Kabla hajapiga hatua, sauti ya matroni ikasikika huko nje.

"Saa nne, Daktari."

"Nahitaji koleo moja tu, Matroni! Ni ya kuandaa upasuaji wa mchana!"

"Hata mimi nahitaji mume wa pili, na nasubiri."

Mwenzake alijiziba mdomo kwa kiwiko. Bi Mvuke alicheka hadi akaishikilia meza, na hesabu yote ikampotea. Akairudisha mikasi upande wa kushoto, akajifuta macho, akaanza upya na wa kwanza. Saa nne ilikuwa bado.