Uzi wa Manyoya

Harufu ya beberu hainitoki puani. Tangu niondoke Mutomo nimepanga vyumba katika miji mingi, na hakuna hata mmoja nilioupenda kwa zaidi ya miaka miwili, lakini upepo ukiileta harufu hiyo, hujikuta tena uani kwa Susu, nyanya yangu aliyenilea. Nilikuwa na miaka sita. Ilikuwa katikati ya miaka ya themanini, kiangazi kabla ya mvua za Novemba, vumbi jekundu limelala juu ya kila jani, nasi tulisoma nasari katika chumba cha nyuma cha kanisa. Wenzangu wakikumbuka nasari hutaja nyimbo na uji. Mimi nakumbuka kisasi, na sioni haya kusema kilikuwa kitamu kuliko uji.

Mwalimu Ndinda alikuwa mzaliwa wa pale pale, binti wa mkulima kama sisi, ila alikwenda chuo akarudi na viatu vya visigino na dharau. Muhula wa mwisho alitupa kazi ya kufanya na watu wa nyumbani. Kila familia ihesabu mifugo yake pamoja na mtoto, ifunge fundo moja kwenye uzi wa katani kwa kila mnyama, na Ijumaa mtoto aje ahesabu mafundo hayo mbele ya darasa. Atakayeshindwa, alisema, haendi darasa la kwanza Januari. Nilikimbia nyumbani. Sare yangu ya bluu ya darasa la kwanza ilikuwa imeshashonwa, imetundikwa ukutani, na kila asubuhi niliigusa pindo kabla ya kutoka.

Susu alikuwa akisuka kiondo, akisokota katani juu ya paja lake. Alinisikiliza mpaka mwisho. “Mwende,” akasema, “mbuzi hawahesabiwi.” Kwetu Ukambani wazee hawakunyooshea kidole kitu kilicho hai wala kukitaja kwa idadi, awe mbuzi au mtoto, kwani kuhesabu ni kumwita fisi, au ugonjwa, aje apunguze. Jioni Susu alisimama tu mlangoni mwa zizi, akawatazama wakiingia, akajua nani amebaki porini, kama vile mama anavyojua nani hajaja kula. Majirani waliukwepa mtego kwa njia rahisi: kila nyumba ilifunga mafundo kumi, hata nyumba isiyokuwa na kuku. Susu alikataa. “Nisidanganye kanisani, halafu nidanganye nasari?” Basi tuliingia zizini siku mbili mfululizo. Alinitajia kila mbuzi kwa jina, Pembe Moja, Mama Mapacha, Paji Jeupe, yule mwizi wa mahindi, nami nikakata kishungi cha manyoya ya kila mmoja tukakifunga kwenye uzi. Ulipokwisha ulikuwa mrefu kuliko mimi. Sijawahi kufanya kazi nyingine kwa uangalifu kama ule.

Ijumaa ilifika. Watoto walihesabu kumi, kumi, kumi, na mwalimu akapiga makofi kila mara, kana kwamba Mungu aliigawia Mutomo mbuzi kwa kipimo kimoja. Zamu yangu ilipofika aliushika uzi kwa ncha za vidole.

“Ni wangapi?”

“Wapo wote, mwalimu.”

Darasa likaangua kicheko. “Nimeomba hesabu, wewe unaniletea nywele za beberu? Mwambie nyanya yako mambo ya fisi yalikwisha zamani!” Akanivika uzi ule shingoni, akanisimamisha mlangoni mpaka saa sita, kisha akalikata jina langu kwenye orodha ya darasa la kwanza. Wenzangu walinifuata njia nzima wakilia “mee, mee.” Susu aliitoa sare ukutani, akaikunja mara tatu, akaifungia sandukuni. Mwenye kovu usidhani kapoa.

Siku ya kufunga shule wazazi walijaa kanisani. Watoto wa mwalimu mwenyewe walikaa benchi la mbele, soksi nyeupe zimevutwa hadi magotini. Nadhani mwalimu alitaka kuwachekesha wageni, maana aliniita. “Na huyu Mwende wa mbuzi, amejifunza kuhesabu?” Nikamjibu ndiyo. “Haya, hesabu chochote unachokiona.”

Asiniambie mtu kwamba mtoto wa miaka sita hajui alitendalo. Nililijua vizuri sana. Niliwageukia watoto wake, nikanyoosha kidole. “Moja,” nikasema kwa sauti ya darasani. Akina mama wakashika vinywa. “Mbili.” Kidole kilipofika kwa yule mdogo wa mwisho, Mwalimu Ndinda aliruka akakikamata, akakikunja nusura akivunje. “Nyamaza! Usiwahesabu watoto wangu!” Mkuki kwa nguruwe mtamu. Susu akasema kutoka benchi la nyuma, pole pole, “Kumbe na wewe unajua, mwalimu.” Kanisa zima likaangua kicheko ambacho sijakisikia tena maishani.

Nilirudia nasari mwaka mzima hata hivyo, na sare ilipotoka sandukuni ilinibana makwapani.

Siku hizi kila kitu ni namba. Najaza fomu, naandika nina watoto wangapi bila kusita, na simwogopi fisi yeyote. Mwaka jana nilikutana na Mwalimu Ndinda sokoni Kathonzweni, ameinamia fimbo, akichagua pojo. Alinitambua. “Mwende wa mbuzi! Umejaliwa watoto wangapi?”

“Wapo, mwalimu. Na wako ni wangapi siku hizi?”

Aliutazama mkono wangu wa kulia. “Wapo,” akasema kwa sauti ndogo. Nikakitia kidole changu mfukoni taratibu, huku akikiangalia. Sikukificha kwa huruma. Nilitaka aende nyumbani akijua kwamba bado ninacho.