Pumzi ya Nne

Niliacha shule nikiwa kidato cha pili. Hakuna aliyenifukuza, ila mambo niliyotaka kuyajua yalikuwa nje ya darasa: mabehewa yanaungwaje, dagaa hufuataje taa, mtu anayepinduka hewani anajuaje ardhi iko wapi. Hilo la mwisho nilimuuliza kijana mmoja niliyemkuta ufukweni Ujiji akiruka sarakasi peke yake mchangani.

"Nahesabu," alisema, akajipangusa mchanga masikioni.

Kesho yake nikarudi, na keshokutwa.

Alizaliwa Burundi. Shangazi yake alimvusha mpaka akiwa mgongoni, wakaingilia Kagunga, akakulia kambi ya wakimbizi, na nilipomjua waliishi Katubuka. Mama yake alibaki ng'ambo. Alitunga majigambo kuliko mtu yeyote niliyewahi kumsikia, lakini mara ya kwanza alipopanda jukwaani watu walicheka lafudhi yake mpaka mshereheshaji naye akacheka. Hakusema tena mbele za watu. Aliniambia, "Mwenewacu," ndivyo alivyoniita, yaani ndugu wa kwetu, "maneno yangu, kinywa chako. Miguu tutatumia yangu."

Tukafanya mazoezi miezi mingi. Kina mama walioanika dagaa walitupigia kelele, "Nyie, mkivunjika shingo msituletee msiba hapa, samaki wetu hawajakauka!" Yeye aliwainamia kama mfalme na wao wakazidi kumzomea kwa kucheka.

Kilele cha onyesho letu kilikuwa hiki. Alisimama juu ya mabega yangu, nami nimemshika vifundo vya miguu, na katika hali hiyo nikasema mistari mitatu:

Mimi ndimi niliyevuka mpaka mgongoni mwa mtu.
Mimi ndimi niliyejifunza kutembea katika nchi ya watu.
Mimi ndimi miguu ambayo mama hakuiona ikikua.

Kila mstari na pumzi yake. Ukumbini kelele ni nyingi, aliye juu hawezi kutegemea masikio. Alinisikiliza kwa nyayo. Nikivuta pumzi mabega hupanda, naye huhesabu moja, mbili, tatu. Pumzi ya nne haikuwa na neno. Nilipoivuta nilikunja magoti, nikamsukuma juu, naye akaruka, akapinduka na kutua mbele yangu amesimama. Hatukukosea hata mara moja. Nilijifunza hata kutokohoa.

Mashindano ya vikundi vya vijana yalifanyika mjini Kigoma, katika ukumbi wenye sakafu ya saruji. Shangazi yake alikaa mstari wa mbele amevaa kitenge kipya. Mwezi huohuo watu wa ng'ambo walikuwa wamemletea rafiki yangu habari kwamba mama yake anaumwa, naye alitaka mtu ampigie picha za video akiruka ili apelekewe mama aone miguu hiyo. Kwake hayo ndiyo yalikuwa mashindano. Kikombe hakukitaja kabisa.

Mstari wa kwanza, ukumbi ukatulia. Wa pili, mzee mmoja akasema kwa nguvu, "Sema, mwanangu!" Wa tatu, watu wakasimama. Watu hawajawahi kusimama kwa ajili yangu maishani, si kabla wala baada. Walikuwa wakinitazama mimi. Nikasahau kwamba maneno si yangu. Nikavuta pumzi, nikaachia vifundo vyake, nikainua mikono yote miwili kwa umati na kuongeza mstari wangu mwenyewe:

Na mimi ndimi kinywa cha Ujiji, nisiye na mpinzani!

Sikuumaliza. Mabega yangu yalikuwa mepesi tayari.

Aliruka bila kusukumwa, akapinduka nusu. Nilisikia mguu kabla sijauona. Shangazi yake hakupiga yowe. Alivua kitenge cha juu akamfunika, kana kwamba tatizo lilikuwa watu kumtazama.

Hospitalini nilimkuta mguu umefungwa hogo, plasta ngumu, tangu pajani. Nilikuwa nimepanga la kusema njia nzima. Akanitangulia.

"Nisamehe, mwenewacu. Nilihesabu vibaya. Nimekuharibia."

Shangazi yake alikuwepo, akimmenyea chungwa. Akanitazama, akisubiri nimpoze mtoto wake.

"Hutokea," nikasema.

Neno moja tu hilo. Nikala na chungwa nililopewa.

Wiki ile nilipanda treni. Nikafanya kazi kwenye chumvi Uvinza, nikapakia mahindi Mpanda, nikakaa Tabora. Kila mji niliuliza watu maswali kuhusu kazi zao, na wakiniuliza habari zangu nilihama. Habari ya kifo cha mama yake ilinifikia Tabora kwa mtu tu wa njiani. Sikuuliza kama ile video ilifika.

Mwaka huu nilirudi. Nilimkuta ufukweni Kibirizi, amechuchumaa chini ya boti iliyogeuzwa, akishindilia pamba yenye mawese kwenye nyufa. Alinyanyuka haraka, akanikumbatia kwa viwiko kwa sababu mikono ilijaa mafuta. Hakuchechemea.

"Mguu?" nikauliza.

"Ulipona mwaka uleule. Daktari alinipa ruhusa ya kuruka."

"Unaruka wapi siku hizi?"

"Siruki." Akatabasamu. "Mguu mzima, ila hesabu ilikufa. Nikisimama juu ya kitu chochote sijiamini. Hata kwenye ngazi."

Nikamwambia hapohapo, nikiwa nimesimama juani. Nilimwambia kuhusu ule mstari, mikono niliyoinua, pumzi. Alinisikiliza mpaka mwisho akisugua pamba kati ya vidole.

"Geuka," alisema.

Nikageuka. Akaweka viganja vyake vya mawese juu ya mabega yangu. "Sema kama siku ile. Usiache kitu."

Nikasema. Mgongoni mwa mtu. Nchi ya watu. Mama hakuiona ikikua. Kisha nikavuta pumzi ya mstari wangu, na viganja vikaondoka mabegani, palepale, bila kuchelewa hata kidogo.

Mimi nililitazama ziwa, yeye nyuma yangu. Sikuthubutu kugeuka.

"Nne," alisema. "Zilikuwa nne."

"Ndiyo."

"Nilihesabu sawa."

"Ulihesabu sawa."

Nilisikia akivuta kamasi, kisha akichuchumaa, kisha nyundo ikianza kugonga pamba. Nilisubiri aniite mwenewacu, au anitukane. Nyundo ikaendelea. Nilipoondoka shati langu lilikuwa na alama mbili za mawese mabegani. Mawese hayatoki.