Mama Bohari na Kamati ya Ghala la Data

Asubuhi yetu ya mwisho ya kawaida tuligombana juu ya kifuniko cha birika. Mke wangu anasema nimekipoteza mimi. Mimi nasema birika lile halijawahi kuwa na kifuniko. Akacheka. Akamimina chai, akaniwekea kikombe upande wangu wa meza, akaketi.

Simu yake ikalia. Watu wa ofisini. Alikuwa ameshastaafu, lakini bado walikuwa wanampigia, kama mtu aliyelala anavyopapasa shuka. Akasikiliza kidogo.

"Zimeni, halafu muwashe," akasema. Akakata.

"Wanataka nini?"

"Ghala la data limegoma kujibu."

"Na dawa ndiyo hiyo?"

"Fundi, dawa ya kila kitu ofisini ndiyo hiyo. Bosi tu, yeye sijaona swichi yake iko wapi."

Kesho yake hakuamka. Moyo, daktari alisema. Sina la kuongeza hapo.

Msibani watu wa kampuni walikuja wengi. Mmoja mmoja walisimama, wakasema alikuwa mchapakazi, mwenye subira. Mchapakazi, kweli. Subira, hapana. Subira walimlazimisha. Mimi nilikuwepo siku alipotoka kazini, na hayo hawakuyasema.

Kampuni inatengeneza magodoro. Aliingia pale akishona foronya, akamaliza akiwa mkuu wa bohari. Wakamwita Mama Bohari. Hata mimi nikienda kumwulizia getini ilibidi niseme hivyo. Nikisema mke wangu, mlinzi ananiuliza, mke wako yupi?

Ina sheria moja kampuni ile. Baba yake Bosi, ndiye aliyeianzisha, siku moja alinunua mashine peke yake, bila kumuuliza mtu. Mashine ikafungwa, ikawashwa, ikaanza kutoa magodoro ya duara. Nani ana kitanda cha duara? Mzee wa watu aliumia. Akaapa kwamba hakitanunuliwa tena kitu kikubwa mpaka kamati nzima ikubali. Akipinga mmoja, basi. Na mwanakamati akiondoka kabla hawajaamua, wanaanza upya. Akafa, sheria ikabaki. Magodoro ya duara nayo yakabaki. Wakayapanga kwenye chumba cha mikutano, yakawa ndiyo viti.

Mke wangu, naye alikuwa mwanakamati, aliponiambia wanachagua ghala la data, nilimwuliza ni dude gani hilo.

"Sikiliza," akasema. "Duka linasema limeuza magodoro kumi. Mimi bohari nimetoa manane. Dereva anaapa amepeleka kumi na mawili. Hili ghala linameza maneno yetu sote, linayachambua, halafu Bosi akiuliza linampa jibu moja."

"La kweli?"

"Moja."

Maghala yenyewe yalikuwa mawili. La kwanza nililiita la Kukodi. Mashine zake ziko kwa watu, mbali huko, hata anayeliuza hajaziona. Unatuma hesabu zako zinakaa huko, na kila ukiuliza swali, swali unalipia. La pili nililiita la Kununua. Mashine yake inakuja kwako. Uliza mpaka uchoke, hulipi tena. Ila uilaze kwenye baridi, na uitafutie mtaalamu wa kuielewa.

Wakasema wayajaribu yote mawili kwanza. Hapo ndipo kampuni ilipoingia wazimu.

Bosi aliposikia la Kukodi linalipisha maswali, alitoa amri: hakuna kuuliza kitu bila ruhusa ya wakubwa watatu. Mtu wa mauzo alitaka kujua kama mito imebaki. Mpaka wakubwa watatu wakubaliane, mito ilikuwa imekwisha, imeletwa mingine, nayo imekwisha. Watu wakaacha kuuliza. Mhasibu akasimama kikaoni akasifu kwamba ghala lile ni rahisi sana, halina gharama kabisa.

La Kununua nalo lilitaka baridi. Kiyoyozi kilikuwa kimoja tu, ofisini kwa Bosi. Mashine ikaingia, Bosi akatoka. Meza yake wakaiweka kwenye korido, karibu na choo. Sasa kila anayekwenda haja lazima asimame, amwamkie Bosi, amjibu habari za nyumbani, ndipo apite. Akitoka, hivyo hivyo. Wengine wakaona bora wajibane mpaka jioni.

Siku moja wakayauliza maghala yote mawili swali lile lile: mwaka jana tumeuza mito mingapi? Kila moja likatoa lake. Mke wangu akaenda kuhesabu kwenye makabrasha ya bohari, akapata jibu la tatu. Hilo jibu la tatu ndilo pekee lililowaunganisha. Wote walilipinga.

Ofisi ikagawanyika. Wa Kukodi wakawa na meza yao ya chakula, wa Kununua yao. Chumvi ilikuwa moja, ikawa inapitishwa na mlinzi.

Na wale wauzaji wawili, wenye bidhaa zao, walikuja kila siku kueleza. Mtu akija kila siku anakuwa wa nyumbani. Muuzaji wa Kukodi alipewa kikombe chake, kisha dawati, kisha akaingizwa kwenye mchango wa kuzikana. Yule wa Kununua akachaguliwa Mfanyakazi Bora wa Mwezi. Picha yake ikabandikwa pale mapokezi. Hakuwa mfanyakazi wa kampuni ile hata siku moja.

Mwisho wakawatia wote wawili ndani ya kamati, maana ndio peke yao waliokuwa hawajakosa kikao.

Nilidhani mke wangu ananitania.

"Sasa si kila mmoja atapigia debe lake?" nikamwuliza.

"Ingekuwa hivyo tungepona," akasema. "Wana adabu, Fundi! Wa Kukodi anasema yeye hawezi kuunga mkono la Kukodi, ataonekana anajipendelea. Kwa hiyo anapinga. Wa Kununua naye analipinga la Kununua. Anaomba radhi, anapinga."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo hatutoki."

Na yeye alitaka kutoka. Umri wake wa kustaafu ulikuwa umefika, ukapita. Magoti yalikuwa yanamsumbua. Tulikuwa tumepanga mambo yetu, si makubwa. Kunywa chai asubuhi bila yeye kuangalia saa. Akienda kuaga, Bosi anainuka pale koridoni, anamshika mikono miwili: "Mama, ukiondoka tunaanza upya. Utatuua, Mama." Anarudi nyumbani, anavua viatu.

Jumapili moja alikuja kunisimamia kwenye karakana yangu. Mimi ni seremala.

"Shida si ghala," akasema. "Shida ni godoro."

"Godoro?"

"Mtu amelalia sponji, ana haraka ya wapi? Juzi Mhasibu alipitiwa na usingizi kikaoni, akaongea ndotoni. Wameiandika kama hoja. Inajadiliwa Alhamisi."

Nikaweka randa chini.

"Nitengenezee mabenchi," akasema. "Mawili. Magumu."

"Magumu kiasi gani?"

"Kama lile la mama yako."

Mama yangu alikuwa na benchi moja sebuleni. Mke wangu alilikalia tangu tukiwa wachumba na hakulisamehe.

Nikatafuta mbao ngumu. Nikayafanya membamba, bila mgongo. Kila moja nikalikata mguu wa mwisho ukawa mfupi kuliko wenzake. Nilijisikia vibaya. Maisha yangu yote nimekuwa nikihangaika kitu kikae sawa, na sasa naharibu kwa kupima.

Alhamisi nikayapakia kwenye mkokoteni, nikayapeleka. Magodoro ya duara hayakuwepo. Mke wangu alikuwa ameamuru yatolewe nje yakaanikwe jua, na bohari ni yake, nani atambishia? Wanakamati wakaingia, wakatazama, wakakaa. Walikaa kama kuku kwenye fito. Mimi nikabaki mlangoni na nyundo yangu, nikijifanya nakagua misumari.

Bosi akaingia kutoka koridoni. Akaniona.

"Huyu naye ni wa ghala gani?"

"Labda ni la tatu," Mhasibu akasema.

"Karibu, mzee," Bosi akasema. Alikuwa na adabu, hilo simnyimi. "Tueleze bidhaa yako, kwa kifupi."

Wote wakanigeukia. Nikavua kofia.

"Nimekuja kumchukua mke wangu," nikasema.

Mhasibu akaanza kuandika. Mke wangu akakohoa akitazama dirishani.

"Samahani, mzee mwenzangu," Muuzaji wa Kukodi akasema, "yako inakaa kwa mteja au inakaa kwa watu?"

"Amekaa kwa watu muda mrefu. Namtaka nyumbani."

"Mnaona?" Muuzaji wa Kununua akaruka. "Nyumbani ndiko kuzuri!" Kisha akajikumbuka, akaomba radhi kwa kujipendelea, akakaa. Benchi likainama, Mhasibu akamtelezea begani.

Mke wangu akasogea mbele. Alikuwa amechagua kusimama tangu mwanzo.

"Ndugu zangu," akasema, "siku zote tunaulizana tutaingiaje. Ghala hili tutaingiaje, lile tutaingiaje. Leo mimi nauliza tutatokaje. Siku tukilichoka, hesabu zetu tunazichukuaje?"

Muuzaji wa Kununua akafungua mkoba wake, akapekua, akaufunga.

"Mama, wateja wetu hawaondoki."

"Hawaondoki, au hawawezi kuondoka?"

Akajikuna shavu. "Mashine inaziandika kwa namna yake yenyewe. Mashine nyingine haiwezi kuzisoma. Kwa kweli hakuna aliyewahi kuuliza."

"Na wewe?"

"Sisi unabonyeza tu, Mama," wa Kukodi akasema. "Zinakuja zote, kwenye mafaili ya kawaida. Kuna ada ndogo ya kuzitoa, basi."

"Hata leo?"

"Hata leo. Ila msitoke, Mama, tumezoeana."

Watu walikuwa wameanza kujisogeza. Mmoja alikalia mkono wake, mwingine akakunja koti akaweka chini. Hakuna aliyekuwa anasinzia.

"Basi mimi nasema la Kukodi," mke wangu akasema. "Nani anapinga?"

Muuzaji wa Kukodi akainua mkono taratibu.

"Mimi, Mama. Kwa adabu tu."

"Nimekusikia, baba. Sogea kule mwisho tukujadili."

Akasogea mpaka mwisho, kwenye mguu mfupi. Akakaa. Benchi likaenda naye. Akashika meza, akasimama.

"Sipingi," akasema.

Muuzaji wa Kununua akasema yeye toka zamani alikuwa anaiunga mkono bidhaa ya mwenzake, hakuna aliyekuwa anamsikiliza. Mhasibu akauliza, na maswali ya kulipia je? Mke wangu akamwambia watu waulize wanachohitaji, wapangiwe kiwango cha mwezi, wakubwa watatu wakalale. Mhasibu akasema lakini kuna ile hoja yake ya ndotoni. Wakamtazama. Akaifuta.

Akabaki Bosi. Kila mtu alijua Bosi analipenda la Kununua. Aliwahi kusema kitu ukikinunua unakiona, unakigusa. Mke wangu alikuwa ameshika ncha ya mtandio wake, anauviringa kidoleni. Mimi nikaacha kujifanya na misumari.

"Tukichagua la Kukodi," Bosi akasema polepole, "ile mashine inatoka ofisini kwangu?"

"Inatoka," mke wangu akasema.

"Leo?"

"Leo."

Mtu akapita koridoni kuelekea chooni, akamwamkia Bosi kupitia mlangoni, akauliza habari za nyumbani. Bosi akafumba macho.

"Sipingi," akasema.

Wakapiga makofi wamesimama. Nadhani walikuwa wanataka kusimama tu.

Bosi akamfuata mpaka mlangoni. Ooh, Mama, ungebaki basi mpaka ghala lianze kazi. Ooh, Mama, japo mpaka mwisho wa mwaka. Mke wangu akampa mkono, akamshukuru, akamwambia mabenchi anamwachia, ni zawadi. Akachukua mkoba wake na mto wake wa kukalia. Hakuaga mara mbili.

Tukatoka getini. Mlinzi akamwuliza, "Mama Bohari, huyu nani?" Akamjibu, "Mume wangu." Mlinzi akanitazama kama hajawahi kuniona.

Barabarani nilisukuma mkokoteni mbio. Niliogopa mtu atafungua dirisha na kusema anapinga. Mkokoteni mtupu una kelele, sikumsikia akiniita. Nilipogeuka alikuwa nyuma sana, amevua viatu, kavishika mkononi, anakuja polepole katikati ya njia mchana kweupe. Nikasimama nikamngoja. Akanifikia, akaweka viatu na mto ndani ya mkokoteni, akashika mpini upande wake.

"Punguza mwendo, Fundi," akasema. "Hatuendi kikaoni."