Mtani Wangu Kamba Mbichi

Wenzangu mliobakia, mlioanza kusoma kwa Wareno kabla meno ya utotoni hayajamalizika kung'oka, nawaombeni mnisahihishe nikikosea. Enzi zetu Palma, huku kaskazini mwa Msumbiji, ilinukia makopa yaliyoanikwa mapaani na mafuta ya nazi ambayo mama zetu walitupaka mpaka tukang'aa kama sahani zilizosuguliwa. Leo, tangu ilipotangazwa kwamba chini ya bahari yetu kuna gesi, mji unanukia dizeli na matumaini, na vyote viwili vinamfanya mtu apige chafya. Sisemi kwamba zamani palikuwa pazuri. Anayesema hivyo hakuwapo, au alikuwapo akiwa amelala.

Tulicheza kibe, tukijificha na kutafutana, mpaka mama zetu wakatuita kwa majina ya baba zetu, ishara kwamba fimbo imeshatafutwa. Tulicheza mpira wa matambara, tukala mabungo mabichi mpaka meno yakafa ganzi, kisha tukaenda chuoni kusoma Kurani kwa midomo isiyotii. Vijana wa leo hucheza kwa vidole gumba. Mjukuu wangu Idrissa ana miaka kumi na saba, na magoti yake hayana kovu hata moja. Ni magoti ya bwana harusi. Sisi kila kovu lilikuwa na jina la aliyelisababisha. Langu kubwa kuliko yote, hapa chini ya goti la kushoto, linaitwa Duarte.

Duarte alikuwa mtoto wa Mreno, afisa wa alfândega, ofisi ya forodha. Hapakuwa na mtoto mwingine wa Kizungu wa rika letu mjini, na baba yake hakuwa na pa kumfungia, basi akakua pamoja nasi, pekupeku, mgongo ukimbabuka kwa jua. Kiswahili alijifunza jikoni kwa mpishi wao, ndiyo maana alijua matusi kabla ya kujua maamkizi.

Siku ya kwanza alipofika kwetu, Bibi yangu, mama wa baba, alimtazama kutoka utosini hadi nyayoni.

"Huyu mtani wake nani?"

"Hana, Bibi."

"Maskini! Anaishije?" Kisha akamwita, "Njoo hapa, mume wangu. Tangu leo mtani wako ni huyu mume wangu mwingine, Saidi. Mtukane, naye akutukane, na atakayenuna hali chakula changu."

Hivyo ndivyo utani wetu ulivyofungwa, mbele ya shahidi. Mimi nilimwita Kamba Mbichi, maana kila jua lilipomchoma aligeuka rangi kama kamba aliyetiwa chunguni, wala haivi. Yeye aliniita Mkaa. Bibi alicheka mpaka akashika mbavu. "Kamba na mkaa! Mbona nimepata kitoweo bila kwenda sokoni!" Nyinyi mnajua, lakini wajukuu zenu hawajui, kwamba ruhusa ya kutukana hupewa mtu na watu wake. Haiokotwi njiani.

Tulipomaliza shule ya msingi tulipelekwa sote wawili sekondari ya bweni, katika mji wa mbali upande wa kusini. Duarte alipata nafasi kwa sababu alikuwa Duarte. Mimi nilipata kwa sababu baba yangu alizunguka ofisi za Wareno mwaka mzima, kofia mkononi, akiambiwa aje kesho. Nilikuwa wa kwanza kutoka mtaa wetu. Kurudi kabla ya kumaliza kungekuwa kumrudisha baba yangu kwenye zile ofisi, na safari hiyo asingeambiwa hata kesho.

Shuleni Duarte alijifunza kuvaa viatu. Wazungu walilala ghorofani. Sisi Waafrika wachache tulilala karibu na stoo, na kila mgeni mkubwa alipotarajiwa tulipewa ndoo za chokaa tupake mawe ya uani na mashina ya miti. Mchana, mbele ya wenzake, Duarte alinisalimu kwa kidevu. Jioni alikuja nyuma ya jiko kunitukana kwa heshima zote, tukagawana korosho. Sikulalamika. Nilidhani hayo nayo ni masomo ya sekondari.

Sasa katika ghorofa ile alikuwapo kijana mmoja aitwaye Rui, mtoto wa mwenye shamba la katani. Jioni moja alimsikia Duarte akiniita Mkaa, akaondoka na jina hilo kama aliyeokota kisu cha mtu. Kesho yake nilikuwa nimepiga magoti uani, napaka shina la mti, Duarte amekaa kibarazani anasoma. Rui akasimama mbele yangu na wenzake.

"Wewe, Mkaa," akasema kwa Kireno, "ukimaliza mti jipake na wewe, mgeni asije akadhani tunafuga masizi."

Wakacheka. Nilimtazama Duarte. Alikuwa ameinamia kitabu chake, na masikio yake yalikuwa mekundu. Basi niliinuka, nikammwagia Rui ndoo nzima. Alikuwa mweupe tayari, nilimwongezea tu.

Kabla ya chakula cha mchana nilikuwa nimeambiwa nikae chumbani kusubiri kesi kwa diretor, mkuu wa shule, na kila mtu alijua mwisho wake ni kufukuzwa. Rui alisema nimemwagia bila sababu. Waliocheka naye walisema hawakusikia neno lolote. Alibaki Duarte.

Habari zilianza kuja kwangu kwa miguu mingi. Mpishi wa shule alisema Duarte ameshaandikisha maneno ya kuniangamiza. Mfagizi alisema baba wa Duarte amemletea mwanawe agizo aseme hakuona kitu. Mwenzangu wa kitanda cha pili aliapa kuwa Duarte amesema, "Huyo Saidi simjui, tulitoka mji mmoja tu." Kila mmoja nilimwuliza swali ambalo Bibi alituuliza kila tulipompelekea umbeya: "Umeona au umeambiwa?" Wote walikuwa wameambiwa. Wakanishauri nifunge sanduku mapema. Sikulifunga. Moyo ulikuwa umeshafunga lake, lakini mikono niliizuia.

Siku ya kesi Duarte aliingia amechana nywele kama maiti. Diretor akamuuliza alisikia nini.

"Nilisikia Rui anamwita Mkaa, na kumwambia ajipake chokaa."

"Neno hilo alilipata wapi?"

"Kwangu, bwana diretor."

Diretor akavua miwani. "Kwa hiyo na wewe humtukana huyu?"

"Kila siku, bwana diretor. Naye hunitukana. Bibi yake ametupa ruhusa."

"Bibi yake!"

"Ndiyo. Ni mke wangu."

Nawaapieni nilisahau kwamba nafukuzwa. Nilijing'ata ulimi nisicheke. Diretor alimtaka aeleze, naye akaeleza utani wote kwa Kireno safi: nani hupewa, nani hunyimwa, na kwamba Rui hakupewa. "Yeye neno hilo kaliiba," akasema. "Na mimi nilinyamaza, kwa sababu niliogopa kuchekwa."

Diretor hakuelewa utani, lakini alielewa kwamba hawezi tena kusema nilimwaga chokaa bila sababu. Nikabaki shuleni. Hata hivyo, ili haki isizidi, aliamuru nichapwe viganjani kwa palmatória, kile kibao cha duara chenye matundu ambacho wengi wenu mnakikumbuka kwa ngozi. Rui alipelekwa kuoga. Nilipomaliza kuchapwa, Duarte alinyoosha mkono wake.

"Hakuna aliyekuita," diretor akasema.

"Neno lilikuwa langu."

Kiganja cha Mzungu kilikuwa hakijaguswa na kibao kile. Siku ile kiliguswa.

Ningependa kuwaambia kwamba jioni yake tulicheka. Hapana. Tangu siku ile Duarte aliniita Saidi. Mbele ya watu alinisalimu kwa sauti, akanipisha mlangoni, akaniuliza habari za nyumbani kama karani wa posta. Nami nilimwita Duarte. Tulikuwa na adabu kubwa, na tulikuwa tumepoteana kabisa. Diretor hakuweza kunifukuza. Rui, asiyejua hata alichochukua, alikuwa amenipokonya mtani.

Likizo ilipofika baba yake alimkataza kukanyaga kwetu. Alikuja, kupitia mlango wa uani. Bibi alikuwa ameshasikia kisa chote kutoka kwa watu wa mtaa, na hakuamini hata robo.

"Leteni viganja," akasema.

Tukavinyoosha. Alivigeuza, akavipapasa, akaona alama za matundu. Kisha akamwangalia Duarte, akaniangalia mimi, tumekaa kwa adabu kama wachumba.

"Mbona hamtukanani? Nani kafa?"

Tukaangalia vidole vya miguu.

"Mimi ruhusa ya neno lile niliitoa mwenyewe hapa barazani," akasema. "Mwizi akiiba sufuria yangu, nikiipata siitumii tena? Mume wangu mweupe, mwite mwenzio."

Duarte akanigeukia. "Mkaa," akasema, kwa sauti ndogo mno.

"Sikusikia," nikamjibu. "Kamba Mbichi huwa wanaongea majini?"

"Mbichi wapi!" Bibi akadakia, amekiinua kile kiganja chekundu. "Huyu keshaiva!"

Duarte aliondoka na wazazi wake bendera ilipobadilika. Sina habari zake. Nimeletewa nyingi, lakini zote ni za kuambiwa.

Juzi Idrissa alinieleza kwamba haongei tena na rafiki yake wa darasani, mtoto wa mtumishi wa serikali aliyehamishiwa hapa kutoka Maputo, kwa kuwa kijana huyo ameandika kwamba sisi wa pwani ni washamba na kazi za gesi si za kwetu. Nikamuuliza, umeona au umeambiwa? Akasema ametumiwa kwenye simu. Nikamwuliza kama wamewahi kutaniana. Akanitazama kama niliyemwuliza bei ya mtumwa.

Nami nilipita karibu na lango la kambi ya gesi asubuhi moja. Nyuma ya uzio alikuwapo kijana wa Kizungu, shingo imebabuka kwa jua letu. Aliponiona aliinua mkono, akasema, "Shikamoo, mzee." Nikamjibu, "Marahaba, mwanangu." Jina lile lilikuwa limeshanifika mdomoni. Nikalimeza, nikashika njia yangu, kwa sababu hatukujuana kiasi hicho, na Bibi hayupo wa kutupa ruhusa.