Nthatisi Apanda kwa Malineo

Nthatisi hakuwa muuguzi, na alipenda kulisema hilo mapema asije akaulizwa makubwa. Kazi yake katika kliniki ya Ha Sekoati, milimani Lesotho, ilikuwa kukaa na wajawazito waliopimwa wakakutwa na virusi vya UKIMWI, kuwaelekeza jinsi ya kumeza vidonge, na kuwaacha walie mpaka watosheke. Yeye mwenyewe alikuwa navyo. Binti yake wa kwanza, Palesa, alimzika kabla dawa hazijafika huko. Wa pili alizaliwa salama, na sasa yuko darasa la tatu, mbishi kama nyumbu.

Baridi ya mwaka ule, msichana aitwaye Puseletso hakuonekana kliniki. Alikuwa na kichanga cha wiki tatu kinachotakiwa kunyweshwa dawa ya maji kila siku. Theluji ilikuwa imefunga barabara. Nthatisi akajifunga blanketi, akaazima farasi wa chifu, akapanda mlima hadi kwao.

Mama mkwe wa Puseletso, Bi Malineo, alimpokea mlangoni, mikono kiunoni.

"Umekuja kumnywesha mjukuu wangu ile sumu?"

"Nimekuja kuota moto kwanza, mama. Miguu siisikii."

Malineo akacheka bila kupenda, akampisha, akampa bakuli la uji mchachu. Puseletso alikuwa kitandani akinyonyesha. Alisema kwa sauti ndogo kwamba ile chupa mama ameimwaga juzi.

"Mtoto mzima, dawa ya nini?" Malineo akadakia. "Majirani wakiiona watatusema mpaka tuhame."

Nthatisi akatoa vidonge vyake mfukoni, akaviweka mapajani.

"Hivi vyangu, mama. Mwaka wa kumi na moja huu." Kisha akamsimulia habari za Palesa, alivyokonda mpaka akawa mwepesi kama kapu tupu. "Mimi sikuwa na chupa ya kumwaga."

Malineo aliliondoa bakuli la uji. Halafu akainuka, akafungua sanduku la mablanketi, akatoa soksi iliyofungwa fundo. Ndani yake mlikuwa na vidonge vya aina ile ile. Kwa miaka minne alikuwa akivifuata mji wa mbali, asikojulikana. Hata mwanawe aliyeko migodini hakujua.

"Niliogopa," alisema. "Mkija kwa mtoto, mtaniona na mimi."

Puseletso alimkodolea macho. "Kumbe, mama! Na mimi najificha chooni kumeza vyangu. Si tungekuwa tunakumbushana?"

Malineo alijifunika uso kwa ncha ya blanketi. Mabega yalimtikisika, na Nthatisi hakujua kama ni kicheko au kilio mpaka na yeye vikampata vyote viwili.

Akamnywesha mtoto dawa, akaacha chupa mpya. Mtoto alipofika wiki ya sita wakateremka wote kliniki ili apimwe, bibi ndiye aliyembeba mjukuu mgongoni. Majibu yalikuja mwezi uliofuata: hana virusi. Muuguzi akasisitiza kwamba atapimwa tena akishaacha kunyonya. Alipopimwa tena, bado hakuwa navyo.

Siku hiyo Malineo aliomba dawa zake zihamishiwe pale pale kliniki. Sasa akija kuchukua dawa haondoki upesi. Hukaa benchini na Nthatisi, akiwatania wasichana waliopimwa asubuhi.

"Lia, mwanangu, lia," huwaambia. "Ukimaliza, njoo nikuonyeshe mjukuu wangu alivyonenepa."