Bango la Chai Lililokataliwa Moa

Msikilizaji wangu, sogea nikusimulie safari ya bango la chai. Miaka ile ya hamsini nilikuwa mpanga herufi katika kiwanda kidogo cha chapa mjini Tanga. Picha zetu zilichongwa kwenye ubao na Bwana Renato, Mtaliano aliyekuwa amechora matangazo ya kofia na viatu kwao kwa miaka mingi. Tajiri mmoja wa chai alimwahidi kazi ya kudumu iwapo wenye mikahawa wa njia ya Mombasa wangebandika bango lake. Wasipolibandika, Renato hana kazi tena Tanga.

Tuliondoka asubuhi kwa gari la tajiri, tukapita mashamba ya mkonge yasiyokwisha.

Adhuhuri tulikuwa Horohoro. Wenye mikahawa walitukaribisha, wakasifu rangi, kisha wakakunja mabango na kuyasukuma chini ya meza. Renato akadhani nyekundu imezidi.

Alasiri tukafika Moa, mkahawani kwa Bi Mwanaisha. Nilimwamkia shikamoo, nikamkunjulia bango: bibi aliyejitanda kanga, kikombe mdomoni. Akalitazama kitambo.

"Mwanangu, huyu kalelewa na nani? Mbona anywa kwa mkono wa kushoto?"

Mteja mmoja akajibu kwamba labda wa kulia kausahau Tanga. Mkahawa mzima ukacheka.

Nikamfasiria Renato. Yeye hakucheka. Alitaka kujua mkono una kosa gani, nami nikamweleza taratibu: hapa mkono wa kushoto haupeleki kitu kinywani. Ndipo akashika kichwa. Picha ikichongwa kwenye ubao, ikichapwa hutoka imegeuka. Herufi alikumbuka kuzichonga kinyume. Mkono hakuukumbuka.

Bi Mwanaisha akamwekea chai. "Mwambie anywe kwanza. Kosa la mkono latengenezeka."

Tulirudi Tanga siku ya pili. Renato akachonga ubao mwingine, nami nikapeleka mabango mapya kwa gari lile lile. Bi Mwanaisha aliukagua mkono, akaukagua tena, akauliza gundi iko wapi. Horohoro nako wakabandika, na tajiri akatimiza ahadi.

Nawe ukitaka kuchonga picha ya kuchapa, usiogope, si kazi ngumu. Ichore kwenye karatasi nyembamba, igeuze, unakili upande wa nyuma kwenye ubao. Kisha chapa nakala moja tu, umwonyeshe mtu wa mahali itakapobandikwa, na umsubiri aseme.